Mama Puto na Pumzi ya Mpangaji

Ukiuliza mtaani kwao nyumba ya Mama Puto iko wapi, utaonyeshwa bila kusita, na nusu ya watakaokuonyesha wanaamini kwamba mama huyu anauza maputo ya watoto. Kuna jirani aliwahi kumjia mlangoni akitaka maputo mekundu na ya buluu ya kumpongeza binti yake aliyefaulu mtihani, na Mama Puto akabaki ameduwaa na mwiko mkononi. Puto analolijua yeye ni moja tu, jeusi, la mpira mzito, lililofungwa kwenye mashine ya dawa ya usingizi katika chumba cha upasuaji cha hospitali ya wanyama. Mnyama akilazwa usingizi ili apasuliwe, bomba hutiwa kooni mwake na kuunganishwa na mashine ile. Akivuta hewa puto linanywea, akiitoa linavimba. Kazi ya Mama Puto ni kulitazama. Likitulia kupita kiasi analiminya yeye, na hewa inaingia mapafuni mwa mnyama kwa nguvu za vidole vyake.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa kazi kama kazi nyingine, ya kuchosha mgongo na kuumiza miguu. Kwake ilikuwa hofu anayoamkia kila siku. Na bado ukithubutu kumshauri aombe kurudishwa kwenye ufagio, alikokuwa zamani, anakuangalia kana kwamba umemtukania wazazi.

Alianza pale kama mfagiaji. Alikuwa anapiga deki, anaosha meza, anabadilisha magazeti kwenye vizimba, na kila akipita kwenye kizimba cha mgonjwa anainama kwanza kuangalia kama mbavu zinacheza. Daktari, ambaye ni mdogo kwake kwa umri na hakaukiwi mzaha mdomoni, akaliona hilo. Msaidizi wake wa zamani alipohama, akamwita mfagiaji wake ndani, akamvalisha aproni na kumsimamisha kichwani pa meza. Siku hiyo mezani alikuwepo paka wa kufungwa kizazi.

"Kupumua si kazi ya mapafu, mama," daktari alimwambia. "Mapafu ni mifuko tu, hayana akili. Amri inatoka hapa." Akamgusa paka nyuma ya shingo, pale fuvu linapoishia. "Hapa chini, ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna kikundi kidogo cha seli. Hicho ndicho kinachosema vuta, acha, vuta, acha. Amri inateremka kwenye neva mpaka kwenye kiwambo, huu msuli uliotandazwa kati ya kifua na tumbo. Kiwambo kinajikaza, kinashuka, hewa inaingia. Paka, ng'ombe, panya, mimi na wewe, mtindo ni huohuo."

"Hata tukilala?"

"Hata tukilala."

"Na chenyewe kinalala saa ngapi?"

"Hakilali."

"Na siku kikilala?"

Daktari akacheka mpaka barakoa ikamteleza puani. "Siku hiyo ndiyo tunakuita wewe, Mama Puto."

Jina likaganda papo hapo. Daktari alikuwa anatania tu, na mzaha wenyewe haukuwa na ubaya, ila aliutupa mahali pabaya. Mama mzazi wa huyu mwanamke alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, usingizini, bila kuugua. Jioni alikuwa anacheka, asubuhi hakuamka. Waombolezaji walisema ni kifo cha heri, hakuna maumivu, na bintiye alikuwa ameanza kulikubali neno hilo kwa sababu hakuwa na jingine. Sasa akapewa picha. Akakiona kile kikundi kidogo cha seli nyuma ya shingo ya mama yake, kimefanya kazi miaka yote ile bila likizo, kisha usiku mmoja kimenyamaza, na chumbani hapakuwa na mtu wa kuminya chochote.

Basi hofu ikamvaa, na haikumvua tena. Alianza kuisikiliza pumzi yake mwenyewe. Aliyewahi kufanya hivyo anajua balaa lake: pumzi ukiitazama inakugeukia, inakuwa kazi. Atakuwa anapepeta mchele, mara anajiuliza kama amevuta hewa ya kutosha. Anavuta nyingine, inakuwa nyingi. Anaacha, inakuwa kidogo. Mikono inaanza kuwasha, kichwa kinakuwa chepesi, anakaa chini na ungo mapajani, amekodoa macho kama mtu anayesikia hatua za mwizi barazani.

Mumewe, fundi redio, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ndiye aliyeonja joto ya jiwe. "Nikikoroma unanilalamikia," alikuwa akisema, "nisipokoroma unaniamsha uone kama niko hai. Mke wangu, chagua moja." Alicheka, lakini alikuwa ameshazoea kulala na kiganja cha mtu kifuani. Watu wengine wanafunikwa shuka, yeye anafunikwa mkono.

Baba yake Mama Puto alihamia kwao pamoja na mkewe macho yalipomwishia. Alikuwa mwashi, na nusu ya kuta za mtaa ule alizijenga yeye, jambo alilokukumbusha kila ulipoegemea mojawapo. Presha ya macho ilimla nuru taratibu mpaka akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Mkewe alipofariki, mzee aligeuza kiti chake kikaelekea ukutani. Asubuhi ukutani, mchana ukutani. Chakula analetewa, anakula, anarudisha sahani, ahsante, basi. Binti alimbembeleza, mkwe alimletea redio tatu kwa zamu, hakuna kilichomgeuza.

Kilichomgeuza ni mbwa. Alijiingiza mwenyewe uani siku ya mvua, mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililokunjika, akalala chini ya kiti cha mzee kana kwamba walikuwa wamekubaliana. Mzee alimwita Mpangaji, kwa sababu, alisema, amehamia bila kuuliza na jikoni anajiona kwake. Baada ya wiki chache alimfunga kamba shingoni, akashika ncha ya pili, wakatoka wawili hao mpaka kwa kinyozi wa kona, kwenye benchi la wazee wanaobishana mpira ambao wengi wao hawauoni vizuri. Tangu siku hiyo kiti kikageuka. Mzee akaanza tena kugombana na watu, akaanza tena kudai chumvi imezidi. Mama Puto alimsikia akitukana refa asubuhi moja huko uani, akaenda kujifungia bafuni alie kwa furaha.

Kwa hiyo Mpangaji alipoanza kutapika, akakataa chakula, akakataa maji, tumbo likawa gumu kama mbao, haikuwa habari ya mbwa peke yake. Siku ya pili ndipo mzee alipogundua soksi yake moja haipo. Mama Puto na mumewe walimfunga mbwa kwenye shuka, wakampakia kwenye mkokoteni wa fundi, mzee akifuata nyuma ameshika kamba ambayo safari hii haikumvuta popote.

Daktari alimpapasa tumbo, na kwa mara ya kwanza hakusema mzaha. "Kuna kitu kimekwama utumboni. Nikingoja kesho, utumbo utaoza. Napasua sasa hivi."

"Nani atamshika?" mzee akauliza.

"Mama Puto. Sina mwingine."

Mzee aligeuza uso kuelekea alikokuwa binti yake, akamkosa kidogo, akawa anautazama mlango. "Kama ni wewe, mwanangu, basi mimi sina wasiwasi."

Yeye alikuwa nao wa kutosha wote wawili. Alitaka kusema: daktari, mwite mtu yeyote, hata dereva, mimi huyu namjua jina. Lakini mtu wa kumwita hakuwepo, na baba alikuwa ameshaketi kwenye benchi la nje, mikono juu ya fimbo, ametulia kama aliyekwisha kupewa majibu. Mumewe alibaki naye. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umevimba kwa unyevu na haukuwa unafunga vizuri, kwa hiyo kati ya benchi lile na meza palikuwa na upenyo wa kupita sauti zote.

Sindano ilimlegeza Mpangaji kabla hajamaliza kumramba Mama Puto mkono. Bomba likaingia kooni, likafungwa kwa kitambaa nyuma ya meno, dawa ya usingizi ikaanza kupita pamoja na hewa safi ya mtungi. Ulimi ukaning'inia pembeni. Puto likanywea, likavimba. Likanywea, likavimba. Mama Puto aliweka vidole viwili ndani ya paja la mbwa, akaushika mshipa unaopiga, na macho yake hayakubanduka kwenye ule mpira mweusi.

Daktari alipasua. Alipoanza kuvuta utumbo nje ili aufikie mzigo, pumzi za Mpangaji zikawa fupi, za juujuu. Puto likawa linatikisika tu.

"Amekuwa mvivu kidogo," daktari alisema, kichwa ameinamisha. "Msaidie."

Msaidie! Kwa mtu mwenye roho iliyotulia, neno hilo maana yake ni kuminya mara mojamoja, mnyama akisahau. Lakini hebu mwambie mtu ambaye mama yake alikata pumzi chumba cha pili, hebu mwambie amsaidie mbwa wa baba yake kupumua, halafu uone kama atajua kiasi. Mama Puto aliminya. Kifua kikapanda, akaona raha isiyo na kifani, akaminya tena kabla hakijashuka sawasawa. Fsss, valvu ya kutolea hewa ikalia. Fsss. Fsss. Alikuwa anaminya kama anayepuliza jiko la mkaa mbichi. Kila puto likijaa alijiambia hili moja litamzidishia, hili moja ni la akiba. Mikono ilimtoka jasho ndani ya glavu. Hakuangalia saa, hakuangalia daktari, na kama nyumba ingeungua nadhani angeendelea kuminya kwenye moshi.

"Mwenyewe huyu hapa," daktari akasema hatimaye, akainua kwa koleo kitu cha kijivu kinachonuka, akakidondosha kwenye beseni. "Mzee! Soksi yako imepatikana. Sijui kama utaitaka."

"Muulize kwanza kama ameshiba," mzee alijibu kutoka nje, na fundi redio akasikika akicheka.

Utumbo ulikuwa mzima. Daktari alishona ndani, akaosha, akashona nje. Alipofika mishono ya mwisho akafunga dawa ya usingizi, akaacha hewa safi peke yake ipite. "Haya. Mwache sasa apumue mwenyewe."

Mama Puto aliacha. Puto lilijaa, likabaki limejaa.

Kwanza hakuogopa zaidi ya kawaida yake. Alisubiri linywee. Halikunywea. Kifua cha Mpangaji kilikuwa kimelala kama godoro. Akaminya haraka, mara mbili, mara tatu, akaacha. Puto likasimama tena palepale. Nywele zikamsisimka shingoni, hasa pale nyuma, pale daktari alipomgusa paka siku ile.

"Daktari. Havuti."

"Mpe muda."

"Daktari, havuti! Kimelala! Kile kitu kimelala!" Na mkono wake ulikuwa umesharudi kwenye puto unaminya, unaminya, fsss, fsss, fsss, wenyewe, bila kumuuliza.

Daktari aliweka chini sindano yake ya kushonea. Akauangalia mkono ule. Akamtazama mbwa ulimi, akamfunua fizi, akabonyeza kwa kidole zikafifia na kurudi nyekundu upesi. Akaweka masikioni kipimo cha kusikilizia moyo. Kisha akauliza, taratibu, "Mama, tangu nilipokwambia umsaidie, umekuwa ukiminya hivi?"

"Ndiyo."

"Hivi hivi? Bila kupumzika?"

"Ulisema nimsaidie!"

"Nilisema." Alivua barakoa. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana daktari asiyetania alikuwa mgeni kwake. "Nilikufundisha nusu, mama. Kosa langu hilo. Nilikwambia kuna kitu kinachotoa amri, sikukwambia kinasubiri nini ndiyo kiitoe. Kile hakiulizi kama hewa safi imeingia. Kinapima hewa chafu, ile tunayoitoa. Ikirundikana kwenye damu, damu inakuwa kali, seli zile zinausikia ule ukali, zinapiga kelele: vuta! Sasa wewe umemsafisha mpaka hakuna kilichobaki. Damu yake haina ukali wowote. Ubongo umekaa tu, hauoni sababu ya kuagiza."

"Kwa hiyo amekufa?"

"Hajakufa. Moyo unapiga, ulimi huu hapa mwekundu. Hewa safi anayo ya kumtosha, na mtungi uko wazi. Anachokosa ni ile hamu ya kuvuta, na hamu haiwezi kuja kama unamtangulia kila mara." Akaunyooshea kidole mkono wa Mama Puto. "Mwachie."

Mkono haukuachia. Aliuona kabisa, mkono wake mwenyewe wenye kovu la mafuta ya moto, ukiminya. Aliuamuru usimame, ukaminya tena.

"Mwachie, mama. Kadiri unavyompa ndivyo asivyoomba."

Akauvuta kwa mkono wa pili, kama mtu anayemtoa mtoto wa mwenzake kwenye ugomvi. Puto likajaa, likatulia. Valvu ikanyamaza. Chumba kizima kikanyamaza, hata maji yaliyokuwa yanadondoka kwenye sinki yalionekana kuchelewa makusudi.

Mtu anaweza kuishi miaka mingi akikwepa jambo moja, na jambo hilo likamngoja kwa subira mahali anapokwenda kila siku na aproni yake. Mama Puto alikuwa amesimama mbele ya kifua kisichopanda, na kazi aliyopewa ilikuwa kutofanya kitu. Angeambiwa akimbie angekimbia. Angeambiwa ambebe mbwa yule mgongoni mpaka mji wa pili, angembeba. Aliambiwa asimame. Akaegemeza nyonga kwenye meza. Chini ya vidole vyake mshipa wa paja ulikuwa unapiga, ukipiga kwa kasi kidogo kuliko mwanzo, na kwa kila pigo alijiambia hili ndilo la mwisho.

Nje, fimbo iligonga sakafu.

"Mbona kimya?" Ilikuwa sauti ya baba yake.

Fimbo ikagonga tena.

"Nilikuwa nasikia fsss, fsss. Sasa sisikii. Mwanangu, mbona kimya?"

Fundi redio alisikika akimsihi akae, na hatua za mzee zikasikika zikija hivyohivyo, kiganja kikipapasa ukuta, mpaka mlangoni. Hakuingia. Alisimama kwenye ule upenyo, uso umeelekezwa ndani, macho meupe hayatui popote. Mara moja tu, baada ya mazishi, alimwambia binti yake kilichotokea alfajiri ile. Alisema hakuamshwa na mlio wala mtikisiko. Alilala kando ya mkewe, akaamshwa na kimya. Hakulirudia tena neno hilo, na bintiye hakuuliza.

"Nimemwachia, Baba," alisema.

"Umemwachia nini?"

"Nimeondoa mkono. Tunangoja avute mwenyewe."

"Na anavuta?"

"Bado."

Mzee aliushika mlango. "Basi urudishe."

"Mzee wangu," daktari akaanza, "ngoja nikueleze..."

"Sijasema na wewe. Mwanangu, urudishe mkono wako. Nimekaa pale nikasikia unampumulia vizuri kabisa, nikasema moyoni, huyu hafi. Urudishe." Kisha akasema neno ambalo hakuwa amewahi kumwambia mtoto wake yeyote, mwashi yule mkali aliyelea watoto kwa amri na kuwasifu kwa kuguna. "Nakuomba."

Mkono wa Mama Puto ulinyanyuka. Ulifika kwenye puto, ngozi ya glavu ikagusa mpira, na raha ile ikamjia vidoleni kabla hajaminya. Pigo moja tu. Baba angesikia fsss, kifua kingepanda, wote wangeshusha pumzi. Na yule mbwa angerudishwa tena mwanzo wa safari ambayo alikuwa ameshaianza peke yake kwenye giza lake, huku damu ikikusanya ukali kidogo kidogo. Alimtazama daktari. Daktari alikuwa ameshika kipimo kifuani pa mbwa, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Hapo Mama Puto akaelewa kwamba daktari naye anaogopa, kwamba hakuna mtu chumbani mle asiyeogopa ila Mpangaji.

Aliushusha mkono. Akaikunja mikono yote miwili, akaificha kwapani na kuibana.

"Hapana, Baba," alisema. "Nisamehe. Siurudishi."

Mzee alilaza paji la uso kwenye ubao wa mlango.

Sijui walisimama hivyo kwa muda gani, na yeye mwenyewe hajui. Anachokumbuka ni kwamba ulimi wa Mpangaji ulianza kupoteza ule wekundu wa mwanzo, si sana, kiasi cha mtu mwoga kuona, na kwamba aliuma shavu lake la ndani mpaka akaonja damu. Anakumbuka pia kwamba alikuwa anamwambia kimoyomoyo yule mbwa mambo ya aibu, mambo ya kumbembeleza, njoo baba, njoo mwanangu, chafuka, chafuka basi kidogo.

Tumbo la Mpangaji likatikisika, chini ya mshono.

Ilikuwa kidogo mno, angeweza kudhani ni meza. Puto halikusogea. Kisha mbavu zikafunguka polepole, na lile puto jeusi likabonyea upande mmoja, likabonyea zaidi, likanywea. Hewa ilipita kooni kwa mkwaruzo mdogo wenye kikohozi ndani yake, ikarudi ndefu. Halafu kimya tena, kirefu, wote wakakodoa macho. Halafu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza.

Daktari alifungua mdomo kusema kitu.

"Nyamazeni," mzee akasema.

Alikuwa ameinua paji la uso kutoka kwenye ubao, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Ikaja ya tatu, na mkwaruzo wake uleule.

"Huyo ndiye yeye," mzee alisema. Uso wake ulikuwa unatetemeka wote, kidevu mpaka masikio. "Huyo ndiye Mpangaji. Yule niliyekuwa namsikia muda wote pale nje alikuwa wewe."

Mama Puto alikuwa analia kwa sauti, mikono bado ameibana kwapani kwa hofu ya kuitoa, na mbwa akavuta nyingine.